Moshi kwenye wiski yako umetoka wapi

Msomaji wa Mwanza ameniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Mjomba karudi safari kaniletea Johnnie Walker Double Black, jumapili nikafungua na washkaji. Mmoja akasema inanuka jiko la mkaa, mwingine akasema inanuka bandeji ya hospitali, mwisho wote wakakubaliana ni feki. Halafu kuna jamaa mmoja mjuaji anasema hata ingekuwa orijino, blendi zote ni takataka, wiski ya kweli ni singo molti tu. Naomba unisaidie, niinywe au niimwage?"

Marahaba mdogo wangu. Usiimwage. (Kwa asiyejua, singo molti ni wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, blendi ni mchanganyiko wa wiski za viwanda mbalimbali.)

Mi niko kwenye kazi ya vinywaji mwaka wa kumi na saba sasa, miaka ya mwanzo nilikuwa nyuma ya kaunta hapa Dar, siku hizi nafundisha wahudumu wa baa, na hili la moshi ndo swali ninalolipenda kuliko yote maana mtu akishalielewa hawezi tena kunywa wiski kama anameza dawa. Harufu ya moshi peke yake sio dalili ya feki. Kwenye hiyo chupa moshi umewekwa kusudi. Double Black ilianza kuuzwa mwaka 2010 kwenye maduka ya viwanja vya ndege na wazo lake lote lilikuwa kuichukua ile Black Label watu waliyoizoea na kuisogeza upande wa moshi zaidi, wakaongeza wiski za moshi na za kwenye mapipa yaliyounguzwa sana ndani. Kwa hiyo aliyesema jiko la mkaa hajakosea, na yule wa bandeji ndo kabisa, mwambie ana pua, nitamrudia.

Feki inatazamwa kwingine: kizibo kama kimechezewa, lebo kama imebandikwa ovyo, duka lenyewe likoje, bei ikiwa chini kuliko akili inavyokubali. Na nakuomba sana, siku ukiwa na shaka ya kweli usionje ili kuhakikisha. Methanoli haina ladha ya kukushtua, unakunywa vizuri tu halafu kesho huoni. Chupa ya hivyo ndo ya kumwaga. Hii yako kama mjomba kaitoa duka la kueleweka na kizibo ulikikuta hakijaguswa, tuliza moyo.

Sasa tuje kwenye moshi. Togwa unaijua, na kimea unakijua: ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uchipue, unaanikwa, ukikauka unasagwa na ndo huo unaoleta utamu. Waskoti wanafanya hivyohivyo na shayiri, shida yao ni jua la kuanikia. Shayiri ikishachipua lazima uikaushe haraka kabla mche haujala wanga wote, na kwenye visiwa vya magharibi ya Uskoti mvua haiishi, miti ni ya kuhesabu, makaa ya mawe zamani yalikuwa mbali na ya gharama. Walichokuwa nacho nje ya mlango ni piti.

Piti ni majani na magugu ya kinamasi cha baridi ambayo yamekufa ila hayakuoza yakaisha, maji yameziba hewa, yanalaliana tu mwaka juu ya mwaka mpaka yanakuwa tope jeusi zito. Inaongezeka kama milimita moja kwa mwaka, yaani ukichimba mita moja umeshuka miaka elfu. Majirani zetu Rwanda na Burundi wanaichimba pia, Rwanda wanazalishia hata umeme. Kule Uskoti wanaikata kwa jembe refu jembamba vipande kama matofali, wanaviacha hapohapo shambani upepo uvikaushe, na vikikauka haviwaki kwa fujo, vinafukiza taratibu moshi mzito wenye harufu ya udongo. Mi kila nikinusa ile harufu nakumbuka hilo la mita moja miaka elfu, kwamba hapa kuna majani yaliyokuwa mabichi kabla babu wa babu zetu hajazaliwa, na inanifanya nisiwe na haraka na glasi.

Kwenye tanuri la kimea sakafu ina matundu, shayiri imetandazwa juu, piti inafukiza chini. Na hapo pana siri moja inayoamua karibu kila kitu: moshi unashika kimea kikiwa bado kibichi. Ganda likiwa na unyevu moshi unanata, likishakauka moshi unapita na kwenda zake. Ndo maana wanaanza na piti halafu wanamalizia na hewa ya moto isiyo na moshi, na anayetaka wiski ya moshi mwingi anachelewesha ile hewa. Kama umewahi kuona Wamasai wanavyosugua kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, au Wakalenjin na kibuyu cha mursik, unajua ninachosema, moshi sio kasoro iliyoingia kwa bahati mbaya, ni kiungo, na mwenye kibuyu anajua kabisa ameuweka kiasi gani. Nyie wa Mwanza ndo msiniambie kitu, samaki wa kubanika mnamla tangu utotoni, ulimi wenu umeshafundishwa zamani, kilichowashtua jumapili ni kuukuta moshi kwenye glasi badala ya sahani.

Namrudia wa bandeji. Kwenye moshi wa piti kuna kundi la kemikali zinaitwa fenoli. Mwaka 1865 daktari Joseph Lister, hukohuko Uskoti, hospitali ya Glasgow, alianza kutibu vidonda na vitambaa vya kufungia kwa asidi ya kaboliki ili visioze, na asidi ya kaboliki ndo fenoli yenyewe. Kuanzia hapo harufu ya familia ile ikawa harufu ya hospitali dunia nzima, na waliowahi kuogea ile Lifebuoy nyekundu ya zamani wanaijua pia. Kwa hiyo rafiki yako hakuwa anaitukana wiski, alikuwa anaitaja kwa jina lake la kikemia bila kujua.

Kisiwa kinachosifika kwa moshi kuliko vyote ni Islay, kinatamkwa Aila. Wakazi wake ni kama elfu 3 tu, lakini Laphroaig, Lagavulin, Ardbeg, Bowmore na Caol Ila zote zinatoka hapo. Moshi wa kimea wanaupima kwa sehemu za fenoli kwenye milioni, kimea cha Lagavulin na Caol Ila kinazunguka 35, Ardbeg ni kama 55. Ila angalia, hiyo namba ni ya kimea, sio ya kilichomo kwenye chupa, njiani inapotea sana. Na hapa kuna jambo watu wengi hawalijui: Lagavulin na Caol Ila zinachukua kimea chao kiwanda kimoja, Port Ellen, kipimo cha moshi kilekile, lakini ukizinusa moja ni nzito ya lami na nyingine ni nyepesi kama moshi wa ufukweni unaopeperushwa. Imekuwaje? Sababu moja ni umbo la mitungi ya shaba wanayopikia, na nyingine kubwa ni saa ya kufunga. Pombe ikichemka na mvuke ukapozwa, kinachotoka mwanzo ni kikali hakifai, kinachotoka katikati ndo wanachokitunza, cha mwisho kinarudishwa kupikwa upya, na zile fenoli nzito ni wavivu, zinachelewa, zinakuja kuelekea mwishoni. Mpishi akifunga mapema anapata moshi laini, akichelewa anapata moshi wa dawa na lami. Anaamua hapo.

Basi hiyo ni nusu tu ya chupa yako, tena sio nusu, ni sehemu ndogo. Blendi ya Uskoti kwa sheria yao ni wiski ya kimea, moja au zaidi, ikichanganywa na wiski ya nafaka, moja au zaidi, zote zimekaa kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko Uskoti sio chini ya miaka 3, pipa lisizidi lita 700, na chupani isishuke chini ya asilimia 40. Wiski ya nafaka inapikwa kwa ngano au mahindi pamoja na kimea kidogo, kwenye mnara unaopika mfululizo bila kukatiza, aina ambayo Aeneas Coffey wa Dublin aliisajili mwaka 1830. Inatoka nyepesi na safi, ikikaa kwenye pipa inachukua utamu wa vanila. Wajuaji wanaiita maji ya kuongezea na hapo ndo nagombana nao. Tui la nazi ni maji ya kuongezea? Pilipili na ukwaju ukivitia kwenye maji matupu vinakukwaruza, ukivitia kwenye tui vinasambaa mdomo mzima na kukaa. Wiski ya nafaka inafanya kazi hiyohiyo kwa moshi, inaubeba.

Waliogundua hilo hawakuwa wapishi wa pombe, walikuwa wenye maduka. John Walker alifungua duka Kilmarnock mwaka 1820, duka la vyakula la kawaida. Gordon Graham wa Aberdeen, aliyetoa blendi ya Black Bottle mwaka 1879, kazi yake ilikuwa kuchanganya majani ya chai. Na chai ndo inayoeleza kila kitu, sisi tunaoilima tunaielewa vizuri: chai ya Kericho inayopita mnadani Mombasa nyingi inaishia kwenye pakiti za Uingereza ikiwa imechanganywa na chai za mashamba mengine, kwa sababu mnywaji wa kule anataka kikombe cha Januari kifanane na cha Julai, na shamba moja haliwezi kumpa hicho, mvua inabadilika. Wenye maduka waliona pipa la wiski nalo ni hivyohivyo, leo zuri kesho linakwaruza. Andrew Usher wa Edinburgh akaanza mwaka 1853 kuuza mchanganyiko wa wiski za kimea, mwaka 1860 sheria ikaruhusu kimea na nafaka kuchanganywa ghalani kabla ya kulipiwa ushuru, na hapo mlango ukafunguka. Alexander Walker, mtoto wa John, akatoa mchanganyiko wake mwaka 1867. Kila mmoja akawa na moshi wake: wenye blendi ya Teacher's wakajenga kiwanda chao cha Ardmore mwaka 1898 wapate moshi wa piti ya bara, ambao ni wa udongo na kuni zaidi, hauna ule ubandeji wa Islay, na blendi ya White Horse ya Peter Mackie ikaegemea Lagavulin.

Sasa ufundi wenyewe. Nikifundisha naanza na zoezi moja. Glasi nne, kila moja mililita 50 za blendi nyepesi isiyo na moshi wa kusikika. Ya kwanza naiacha, ya pili natia mililita 1 ya Caol Ila kwa sirinji ya famasi, ya tatu 5, ya nne 15, na sisemi kitu. Mwaka jana nilikuwa na binti mmoja ana wiki ya pili tu kazini, alinusa ya kwanza akapita, akanusa ya pili akasimama. Akarudi ya kwanza. Akaenda tena ya pili. Nikamuuliza vipi, akasema, "Ni ileile, ila hii imekuwa na kifua." Neno moshi hakulitaja, na kweli kwenye mililita moja hakuna moshi wa kuutaja, lakini utamu umepata ukingo, ile vanila iliyokuwa inaelea imepata pa kukaa. Kwenye ya tatu darasa zima likasema moshi, na bado tunda na asali vilikuwepo nyuma yake. Ya nne ni moshi tu, asali imezama, ukiitafuta huioni. Wapo wanaoipenda hiyo ya nne, na mimi kuna usiku naitaka, ila safari ya kutoka ya pili mpaka ya tatu ndo kazi yote ya mchanganyaji, na ni mililita nne tu!

Halafu mchanganyaji hana wiski mbili kama mimi, ana kumi, ishirini, thelathini, na haonji sana, ananusa. Wanaipunguza kwa maji mpaka karibu asilimia 20 ili ukali wa alkoholi usiizibe pua, sampuli hadi sampuli, siku nzima, na kinachowasumbua zaidi ni kwamba moshi hausimami mahali pamoja. Pipani moshi unapungua kadiri miaka inavyokwenda, Caol Ila ya miaka 6 inakupiga usoni, ya miaka 20 inakunong'oneza. Mapipa yenyewe hayalingani, mawili ya siku moja yaliyolala pamoja yanaweza kutoka tofauti, na kila mwaka kama asilimia 2 inapotea kwa mvuke, wao wanasema ni fungu la malaika. Sasa chukua Black Label, imeandikwa miaka 12, na kisheria namba hiyo ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo, sio wastani. Maana yake leo mtu anajaza mapipa ya moshi kwa ajili ya chupa itakayofunguliwa miaka 12 ijayo, na lazima siku hiyo ifanane na inayouzwa leo. Tangu mwaka 2022 anayesimamia kazi hiyo kwenye Johnnie Walker ni mwanamke, daktari wa kemia, Emma Walker, jina limegongana tu hana undugu na yule mwenye duka. Mi nikiifikiria kazi yake navua kofia, maana akikosea hakuna atakayejua mpaka miaka imepita, na akipatia hakuna atakayegundua kama kuna kitu kimefanyika.

Ndo nikaja kwa huyo jamaa yenu mjuaji. Mwambie ugomvi wake ni wa zamani sana. Miaka ya 1905 na 1906 wenye maduka kule Islington, London, walishtakiwa mahakamani eti wanauza kitu kinachoitwa wiski na sio wiski kwa sababu ina nafaka ndani, na mwanzoni wakashindwa. Ikaundwa tume ya kifalme mwaka 1908, na mwaka 1909 ikatoa jibu kwamba nayo ni wiski. Singo molti nazipenda, zipo nyumbani, na sikatai kwamba zipo blendi za bei rahisi ambazo ni tupu, changa, zimepakwa rangi ya karameli zionekane zimezeeka, na rangi hiyo wameruhusiwa. Lakini kusema blendi zote ni takataka ni sawa na kumsifia mpiga ngoma kwa kuwa amepiga peke yake na kuidharau bendi nzima. Singo molti ya Islay inakuambia kisiwa kikoje. Blendi ya moshi inatoka kwa mtu aliyekuwa na visiwa vyote mkononi akajizuia, na huko kujizuia kunanigusa mimi kuliko ule moshi wa kupiga kelele.

Namna ya kuinywa: jumapili nina hakika mliijaza barafu au mkaitia koka. Koka inaficha kila nilichokueleza hapa. Barafu nyingi nayo inafunga harufu, na wiski ya moshi bila harufu umelipia bure. Mimina toti moja kwenye glasi yenye mdomo uliobana kidogo, usitumbukize pua, iweke usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, nusa taratibu. Mara ya kwanza utapata moshi tu. Subiri dakika tano, pua inauzoea, halafu vinaanza kutoka vilivyokuwa nyuma, vanila, tufaha, zabibu kavu, kitu kama ganda la chungwa. Tia maji ya kawaida kijiko kimoja cha chai, nusa tena, sio ileile. Ukitaka ya kukata kiu basi soda ya maji, ile isiyo na sukari, na barafu, hapo barafu naikubali kwa sababu mapovu yanaurudisha moshi juu puani, na ukiwa na karanga za kukaanga pembeni au kipande cha sato, umemaliza. Toti mbili zinatosha kabisa, wiski ya namna hii ya tatu huisikii tena.

Na usiku huo usiioshe glasi yako. Iache mezani hivyohivyo, imekauka, ulale. Alkoholi itaruka, ule utamu mwepesi utaondoka, lakini fenoli ni nzito, haziruki haraka. Asubuhi kabla hujapiga mswaki ichukue uinuse: utakuta majivu baridi, jiko lililozimwa jana, udongo wenye unyevu, na hakuna ulevi wowote ndani yake. Mpelekee yule rafiki yako wa bandeji naye ainuse, halafu niandikie kasema nini.